Barua ya wazi kwa mamlaka za ushindani za Afrika Mashariki kuhusu kompyuta zilizokatiwa masasisho

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani, Tanzania
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya
Msajili, Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

YAH: KUSITISHWA KWA MASASISHO YA USALAMA YA WINDOWS 10 NA HAKI ZA WATUMIAJI WA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Morogoro. Wateja wangu ni wenye maduka ya steshenari, walimu, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wadogo, yaani watu ambao kompyuta ndiyo inayowaingizia riziki na ambao hawana kitengo cha TEHAMA cha kuwashauri. Nawaandikia kuwaomba muitazame hatua ya kampuni ya Microsoft ya kusitisha masasisho ya bure ya mfumo endeshi wa kompyuta wa Windows 10, iliyoanza tarehe 14 Oktoba 2025, kama suala la ushindani na ulinzi wa mlaji lililo ndani ya mamlaka mliyopewa kisheria, na mdai kwa niaba ya wakazi wa Jumuiya yetu masharti ambayo wakazi wa Ulaya wamekwishapewa.

Ni vyema nikaeleza kwanza kompyuta zetu zinatoka wapi, kwa sababu uzito wa jambo hili uko hapo. Laptopu ambayo mwanafunzi au mwenye steshenari anaimudu ni iliyotumika. Ilikuwa ya ofisi huko Uingereza, Ulaya au Marekani, ikatolewa baada ya miaka mitatu au minne, ikauzwa kwa jumla pamoja na nyingine, ikapitia mikono kadhaa hadi ikafika kwenye kaunta ya duka Kariakoo, katikati ya jiji la Nairobi au huku kwetu mikoani. Chukueni mfano wa HP EliteBook 840 G3, mashine ambayo kila fundi wa ukanda huu ameifungua. Ina prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta, ya Intel ya kizazi cha sita, na zinazouzwa huku kwa kawaida zina memori ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Ukifungua mfuniko wa chini kwa bisibisi, betri inabadilika, memori inaongezeka, feni inasafishwa. Inaandika barua, inafungua mafaili ya Excel, inachapisha, inaingia kwenye mifumo ya serikali, na haichoki. Kwa kazi za steshenari, mashine hii ina miaka mingi mbele yake.

Windows 11 haiitaki. Microsoft ilipoitoa mwaka 2021 iliweka sharti la chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kimsingi kizazi cha nane. Kwa hiyo EliteBook 840 G5 inapita, lakini G4 na G3 zinaachwa. Lau sharti hilo lingetokana na uwezo wa mashine, lisingekuwa na mjadala mrefu. Hata hivyo, baadhi ya prosesa za Celeron za bei ya chini kabisa, ambazo mtumiaji anasubiri zikifungua ukurasa mmoja, zimo kwenye orodha kwa kuwa zilitoka baadaye, ilhali Core i7 ya kizazi cha saba yenye nguvu maradufu imekataliwa. Tena mwaka huohuo wa 2021, Microsoft iliiongeza kwenye orodha Core i7-7820HQ, ambayo ni ya kizazi cha saba na ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta iliyotengenezwa na kuuzwa na Microsoft yenyewe. Naomba mamlaka zenu zilitafakari jambo hilo kwa makini. Kampuni inayotunga sharti na inayouza bidhaa inayopimwa kwa sharti hilohilo ndiyo aina ya mgongano ambao sheria za ushindani zilitungwa kuuchunguza.

Mashine isiyopata masasisho haizimiki, na ndiyo maana watu wengi hawajaiona hatari. Inaendelea kuwaka kila asubuhi kama kawaida. Kinachobadilika ni kwamba kila udhaifu unaogunduliwa ndani ya Windows 10 kuanzia sasa unabaki wazi kwenye mashine hiyo, na kila mhalifu anayefuatilia masasisho yanayotolewa kwa wengine anajua pa kuingilia. Ingieni steshenari yoyote iliyo karibu na chuo au ofisi ya wilaya muone kinachopita kwenye kompyuta moja kwa siku: namba za kitambulisho za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, taarifa za kodi za TRA, maombi ya kazi kwenye mfumo wa Ajira, na nywila za barua pepe ambazo mteja anamtamkia mhudumu kwa sauti kwa sababu yeye mwenyewe hajui kuandika kwenye kibodi. Flashi zinatoka mashine moja kwenda nyingine kutwa nzima. Kompyuta moja iliyoambukizwa inawagusa mamia ya watu ambao hawakuinunua na hawajui hata ina mfumo endeshi gani.

Hili si tishio la kubuni. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeuziba mwezi Machi kwa matoleo iliyokuwa ikiyahudumia bado. Hospitali za Uingereza zilikwama, wagonjwa wakarudishwa. Baada ya shambulio hilo kampuni ilitoa sasisho la dharura kwa kila mtumiaji wa Windows XP, mfumo ambao kabla ya hapo ulikuwa ukipata ulinzi kwa wale tu waliolipia mkataba maalumu. Funzo lililobaki kwa sisi tunaoshughulika na mashine hizi ni kwamba mashine isiyolindwa ni hatari kwa mwenye nayo na kwa majirani zake wote kwenye mtandao.

Naomba sasa nizungumzie gharama, kwa sababu utetezi wa kampuni unaosikika zaidi ni kwamba haiwezekani kuhudumia mfumo wa zamani milele. Hakuna anayedai milele. Masasisho ya Windows 10 yanaendelea kutengenezwa hivi sasa. Ofisi na kampuni zinaweza kuyanunua kwa dola 61 za Marekani kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, bei ikirudufishwa kila mwaka hadi Oktoba 2028, jumla ya dola 427 kwa miaka mitatu, fedha ambazo ni zaidi ya thamani ya laptopu yenyewe. Toleo maalumu la Windows 10 linalotumika kwenye mitambo ya viwandani, mashine za malipo na vifaa vya hospitali litaendelea kuhudumiwa hadi Januari 2032. Shule na vyuo vinavyonunua leseni kwa mkataba vimepangiwa dola 1 kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa wa pili na dola 4 kwa wa tatu. Mtumiaji binafsi amepangiwa dola 30 kwa mwaka mmoja tu unaoisha tarehe 13 Oktoba 2026. Kiraka cha usalama, yaani sasisho linaloziba udhaifu, ni kilekile, kimekwishaandikwa na kimekwishajaribiwa, kikitofautiana kwa bei kutoka dola 1 hadi 61 kwa kutegemea anayeomba ni nani. Bei ya namna hiyo haielezeki kwa gharama ya kazi. Inaelezeka kwa kujua kwamba mteja hana pa kwenda.

Ulaya waliliona hilo. Mwezi Septemba 2025, baada ya shirika la kutetea walaji la Euroconsumers kuiandikia kampuni hiyo, Microsoft ilikubali kwamba watumiaji binafsi katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapate mwaka huo wa nyongeza bila malipo, na bila kulazimika kuhamishia mipangilio ya kompyuta zao kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni. Wanachotakiwa ni kuwa na akaunti ya Microsoft na kuitumia kuingia. Mtumiaji wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura anabaki na masharti ya awali: alipe dola 30, au atumie alama za zawadi za Microsoft, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe OneDrive, huduma ya kampuni hiyohiyo ambayo nafasi yake ya bure ni GB 5. Sharti hilo la mwisho lina harufu ya jambo ambalo mamlaka za ushindani zimelishughulikia mara nyingi, yaani kutumia nguvu iliyopo kwenye soko moja kumsukuma mteja aingie kwenye bidhaa ya soko jingine. Kwa jambo hilo Microsoft si mgeni. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 497, pamoja na mambo mengine, kwa kuifungamanisha programu yake ya kuchezea muziki na video na Windows, na mwaka 2013 ikaitoza euro milioni 561 kwa kushindwa kutimiza ahadi ya kuwaachia watumiaji uchaguzi wa kivinjari.

Inawezekana mkauliza kwa nini watu wasihame tu, waache soko lifanye kazi yake. Nimewahamisha baadhi ya wateja kwenda Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na naweza kuwaeleza kwa uhakika safari hiyo inakwama wapi. Mashine yenyewe haina tatizo. EliteBook ya kizazi cha sita inaendesha Linux vizuri, na masasisho yanakuja bure. Kinachokwama ni faili. Mteja analeta kwenye flashi fomu ya tenda ya halmashauri iliyotengenezwa kwa Word, ikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi ya Word, jedwali linasogea, mhuri unaangukia ukurasa wa pili, na mteja anaondoka kwenda duka la pili kwa sababu hana muda wa kusikiliza maelezo kuhusu aina za mafaili. Mwingine ana programu ya mahesabu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Shule inafundisha wanafunzi kwa majina ya programu za kampuni moja, kwa hiyo mhitimu anaomba kazi akiwa anajua Word na hajui uandishi wa nyaraka kwa kompyuta. Nchi yetu iliwahi kuwa na mwanzo mzuri: mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kazi hiyo ilifanyika kwa ustadi, lakini ofisi za umma hazikuifuata, na nyaraka za serikali zikaendelea kutolewa katika muundo uleule. Penye vizuizi vya aina hii mtu hawezi kusema mteja amechagua.

Nakiri kwamba Microsoft ina hoja zake mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba chipu ya TPM 2.0 na ulinzi mwingine wa prosesa mpya unaongeza usalama kweli. Sina ubishi juu ya hilo, na mashine mpya zinapaswa kuwa nazo. Ila hoja hiyo inahusu nini kiwekwe kwenye kompyuta zinazotengenezwa leo, na haielezi kwa nini kompyuta ya jana inyimwe kiraka kilicho tayari. Ya pili ni kwamba Windows 10 ilitoka Julai 2015, na miaka kumi ni muda mrefu. Ni mrefu kwa aliyenunua mwaka ule. Saa hiyo inahesabu tangu siku mfumo ulipotoka na haijali siku mashine ilipouzwa, kwa hiyo ofisi ya Manchester imetumia miaka yake mitatu au minne mizuri, na mwalimu wa Kilosa aliyenunua mashine hiyohiyo mwaka 2024 kwa akiba ya mishahara kadhaa amepata mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mtindo huu ukiachwa uendelee, sisi tutakuwa wanunuzi wa kudumu wa muda uliobaki wa vifaa vya wenzetu, na muda huo utakuwa ukiamuliwa Redmond, makao makuu ya Microsoft, bila sisi kuulizwa.

Upungufu wa uwazi unazaa na udanganyifu huku chini. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu aliyoinunua kwa muuzaji ambaye hana haja ya kutajwa hapa, ikiwa na kibandiko cha Windows 11 kilichobandikwa vizuri pembeni ya kipadi. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya kizazi cha sita. Mfumo ulikuwa umeingizwa kwa flashi iliyotengenezwa ili kuruka ukaguzi wa prosesa na TPM, tena toleo la Windows 11 liitwalo 23H2, ambalo masasisho yake kwa watumiaji wa nyumbani yalikoma tarehe 11 Novemba 2025. Kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, toleo linalofuata halikuwa likija. Alikuwa amelipa nyongeza ya bei kwa ajili ya Windows 11, na alichopata ni kibandiko. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na hapa hahitajiki mwanasheria bingwa kuona kwamba mtu amepotoshwa. Hata hivyo mchuuzi huyo ni tawi. Shina ni kwamba hakuna popote kwenye kompyuta panapomwambia mnunuzi wa kawaida ulinzi wake unaisha lini.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo mnaweza kulifanya mapema kuliko mengine. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, watengenezaji wa vifaa vingi vinavyounganishwa na intaneti, simu zikiwemo, wanatakiwa kutangaza kifaa kitapata masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa simu na tableti: kuanzia tarehe 20 Juni 2025, masasisho ya mfumo yanatakiwa yaendelee kwa angalau miaka mitano tangu mwisho wa kuuzwa kwa modeli husika. Tunaomba tarehe hiyo iandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kwenye kila kompyuta na kila simu inayouzwa katika Jumuiya, iwe mpya au iliyotumika. Mwenye duka ataweza kuipata kwa dakika chache kwa kutazama modeli, na mnunuzi ataweza kulinganisha mashine mbili kwa kigezo ambacho leo hakijui. Laptopu yenye miezi minane ya ulinzi haitauzwa tena kwa bei ya yenye miaka mitano.

Kuhusu Microsoft yenyewe, tunaomba mamlaka zenu tatu ziiandikie kwa pamoja, zikidai angalau usawa na Ulaya, kisha zifungue uchunguzi juu ya bei za masasisho haya na juu ya sharti la OneDrive. Sheria ya Tanzania inaweka kiwango cha sehemu ya soko ambacho kampuni ikikivuka inaweza kuhesabiwa kuwa na nguvu ya soko. Sidhani kama kuna atakayetembelea ofisi kumi za wilaya akarudi na shaka kama Windows imevuka kiwango hicho. Mamlaka ya Arusha, ambayo mwezi Novemba 2025 ilianza kupokea taarifa za miungano ya kampuni, ina nafasi ya kuonyesha kwamba ipo pia kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta moja. Tunaomba vilevile mzishauri serikali zetu kwamba fomu na nyaraka za umma zitolewe katika muundo ulio wazi, unaofunguka sawasawa kwenye mfumo wowote, kwani mpaka hapo patakapotengenezwa, ushindani katika soko hili utabaki kwenye karatasi.

Wapo watakaosema kwamba soko letu ni dogo, na mnyonge hana haki mbele ya kampuni ya ukubwa huo. Ukanda huu una ushahidi wa kinyume chake. Sharti lililowazuia mawakala wa M-Pesa wa Kenya kuhudumia kampuni nyingine liliondolewa mwaka 2014, baada ya Airtel kulalamika mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mwaka huohuo Tigo, Airtel na Zantel za Tanzania zilianza kuwaruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao na mtandao, Vodacom ikajiunga mwaka 2016, na mwaka 2017 Mtanzania akapata haki ya kuhama mtandao na namba yake. Wakati ule nako kulikuwa na walioonya kwamba mitandao itadhoofika, lakini leo hakuna anayekumbuka kwa nini ilikuwa vigumu kumtumia ndugu fedha kwa sababu tu ana laini ya rangi nyingine. Nje ya ukanda wetu, tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Nigeria iliitoza kampuni ya Meta dola milioni 220 mwezi Julai 2024, na baraza la rufani likauthibitisha uamuzi huo Aprili 2025. Hata mbele ya kampuni za Marekani, shinikizo la watumiaji limezaa matunda bila kesi: mwaka 2023 Google ilirefusha masasisho ya Chromebook hadi miaka kumi, baada ya shule za huko kulalamika kwamba zinatupa mashine nzima.

Mwaka wa nyongeza unaisha tarehe 13 Oktoba 2026. Tunaomba kabla ya tarehe hiyo kila mamlaka itoe jibu la hadharani likieleza imeiandikia kampuni nini na imejibiwa nini, na iandae kikao cha wazi ambacho mafundi, wenye steshenari, walimu na wauzaji wa kompyuta zilizotumika wataitwa kutoa maelezo yao. Mimi niko tayari kufika popote nitakapoitwa, pamoja na mashine zenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro